Nimechorewa ramani mara mbili Arusha, ya pili ndiyo iliyopata kibali

Nilipopeleka ramani ya nyumba yangu kuomba kibali cha ujenzi, afisa mipangomiji hakufunua hata karatasi ya pili. Aliweka kidole kwenye kile kisanduku cha kona ya chini, panapoandikwa jina la mwenye kiwanja, namba ya kiwanja na kitalu, akaniuliza kwa upole, "Kaka, hili ni jina lako?" Halikuwa langu. Lilikuwa jina la mama nisiyemjua, na chini yake kiwanja chake cha Dodoma, na kitalu chake. Nilikuwa nimebeba ramani ya nyumba ya mtu mwingine kwa wiki nzima, nimeifunga vizuri kwa mpira ili isikunjike.

Hiyo ilikuwa Oktoba 2024. Ramani ile nilimlipa shilingi 350,000 kijana aliyeletwa na fundi wangu. Hakuwahi kukanyaga kiwanjani. Alinipigia simu akauliza vyumba vingapi, masta ngapi, paa la kawaida au la kuficha, na baada ya siku tatu picha zikaingia WhatsApp. Mimi na mke wangu tulifurahi mno. Tulikaa mpaka usiku tukizikuza kwenye simu, tukibishana kochi litakaa wapi. Kumbe nyumba ile ilichorwa kwa kiwanja cha mita 25 kwa 30, na changu kilichopo Olasiti ni mita 20 kwa 25. Ukiiweka kwangu, ukuta wa jiko unagusa mpaka wa jirani. Mshale wa kaskazini ulikuwa umeelekezwa Monduli. Mtu anayeamka Olasiti na kuutazama Mlima Meru kila asubuhi hawezi kuikosa kaskazini, ila huyu hakuwahi kusimama pale. Nilipompigia arekebishe alisema ataleta Jumatatu. Jumatatu simu haikupatikana, na mpaka leo haipatikani.

Yule afisa namshukuru. Angeweza kusema "kalete nyingine" akaishia hapo, lakini alinieleza kimoja kimoja, nami nikaandika nyuma ya karatasi ya ratiba ya safari. Mchoro uonyeshe namba ya kiwanja na kitalu, ukubwa wake na matumizi yake. Uonyeshe nyumba inavyokaa ndani ya kiwanja na nafasi inayobaki kati ya kila ukuta na kila mpaka. Uwe na msingi, paa, sura ya nyumba kwa pande zake, na ule mchoro wa nyumba kana kwamba imekatwa kwa kisu katikati. Uonyeshe gari litaegeshwa wapi na maji taka yatakwenda wapi. Halafu hati au barua ya toleo (ile ya kumilikishwa kiwanja), na risiti kwamba kodi ya ardhi imelipwa. Ukijenga ghorofa, uongeze michoro ya mhandisi ya nondo na nguzo. Yangu ni ya chini, kwa hiyo hiyo ya mhandisi sikudaiwa.

Fundi wangu hakupendezwa. "Bosi, tuanze msingi, kibali kitatukuta kwenye lenta," aliniambia, yaani kwenye ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha. Ni fundi mzuri na bado ninaye, lakini hapo nilimkatalia. Mimi ni dereva wa watalii. Pale geti la Naabi, la kuingilia Serengeti, hakuna anayepita bila kibali, uwe umebeba balozi au mwanafunzi, na kwa miaka yote hii sijawahi kuona ubaya wa utaratibu huo. Tena kwenye njia yangu ya kurudi nyumbani kuna ukuta wa matofali uliofika usawa wa madirisha, umepigwa X nyekundu na maneno SIMAMISHA UJENZI. Umekaa hivyo misimu miwili ya mvua. Matofali ya juu yameshaota ukungu wa kijani. Kila nikiupita najua kuna mtu mahali anahesabu mifuko ya saruji iliyolala pale.

Ofisi ninayotaka kuisifia, ya mbunifu majengo aliyechora ramani yangu ya pili, nilielekezwa na dereva mwenzangu, na alinielekeza kwa sababu ilimkatalia kazi. Alikuwa amepata eneo zuri karibu na Mto Themi, lenye migomba na kivuli, akaenda na pesa mkononi. Mbunifu akaenda naye, wakapima kutoka ukingo wa mto, akamwambia hachori. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na eneo lile lote lilikuwa ndani ya mita hizo. Hakumtoza hata senti. Mwenzangu alinuna mwezi mzima, halafu akanipa namba yake akisema, "Huyu dada hatakudanganya."

Jina la ofisi siliandiki, ameniomba hivyo. Yuko na msaidizi mmoja tu na hataki watu wamjie kwa wingi kisha awacheleweshe. Iko nyuma ya Soko Kuu, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Ukiuliza wenye duka "kwa dada wa ramani" watakuonyesha ngazi. Siku ya kwanza nilimwomba cheti chake cha Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Hakukasirika. Alikitoa ukutani na fremu yake, akanipa nikisome, akaendelea na kazi yake. Nilisoma mpaka tarehe.

Kisha hakuuliza vyumba vingapi. Aliuliza, "Kiwanja chako kina bikoni zote nne?" Yaani yale mawe ya mpaka ya kona nne. Nikasema nadhani. Akasema Jumamosi saa moja asubuhi tukutane saiti, nije na jembe.

Ilikuwa mwishoni mwa Machi, masika yameshaanza, na udongo wa kule unavyonata kwenye viatu wenyeji wanajua. Alikuja na mabuti ya mvua, futi kamba ya mita 50 na nakala ya ramani ya upimaji ndani ya mfuko wa nailoni. Bikoni mbili zilionekana wazi, zege dogo lenye chuma katikati. Ya tatu tulifukua kidogo kwenye nyasi. Ya nne haikuwepo. Kwa hesabu zake ilipaswa kuwa upande wa jirani yangu, mzee wa Kiarusha mwenye ng'ombe, na mahali penyewe palikuwa na kichuguu cha samadi kinachonifika kiunoni.

"Shikamoo, mzee," nilimwita pale zizini.

"Marahaba, mwanangu. Mnatafuta nini kwenye samadi yangu asubuhi yote hii?"

Nilimweleza. Mimi nilikuwa tayari kuacha, kwa kweli. Bikoni tatu si haba, na samadi ya watu naanzaje kuifukua? Lakini yule dada alisogea mwenyewe, akamwamkia, akamfunulia karatasi na kumwonyesha mstari wake na wangu, akamwambia kwamba bila lile jiwe hata yeye mzee hawezi kujua mpaka wake unaishia wapi. Mzee akaitazama karatasi muda mrefu. Akaita wajukuu wawili waje na koleo. Baada ya nusu saa hivi jembe liligonga zege. Bikoni ilikuwepo, ila imelala upande, chuma kimepinda. Mzee alikumbuka kwamba kuna mwaka trekta liligeuzia pale.

Hapo ndipo yule dada alipofanya jambo ambalo naamini limeniokolea nyumba. Alisema, "Kaka, sichori mpaka mpima aje airudishe mahali pake." Ilinigharimu shilingi 200,000 na siku kumi za kusubiri mvua ipungue. Mpima alipokuja, mwenyekiti wa mtaa akiwepo na mzee amesimama na fimbo yake, ilionekana bikoni ile ilikuwa imesukumwa sentimita 80 kuingia upande wa mzee. Yaani ningechora kwa kuitegemea, ukuta wangu wa vyumba vya watoto ungesogea sentimita 80 karibu na zizi, nami ningekuja kugundua baada ya kupaua. Mzee aliinama akaligusa lile zege jipya kwa mkono, akasema sasa watoto wetu hawatagombana. Samadi amehamishia nyuma ya zizi.

Mara ya pili yule dada alipokuja saiti, Aprili katikati, alileta mfuko wa chokaa. Aprili na Mei sisi wa utalii tunakuwa hatuna kazi, kambi nyingi zinafungwa, kwa hiyo nilikuwa nyumbani na gari la kampuni ninalolaza kwangu. Alichora nyumba chini kwa chokaa, kila ukuta na kila mlango, akamwambia mke wangu, "Mama, ingia, tembea kama unavyotembea kwako." Mke wangu aliona haya kidogo mwanzoni. Akaingia sebuleni, akapita korido, akafika jikoni, akasimama. Alisimama pale kama dakika mbili, akageuka kuangalia barabara ya vumbi, kisha akasema mlango wa jiko uhamie upande wa pili, kwa sababu kiangazi upepo utamletea vumbi lote kwenye sufuria. Yule dada alifuta chokaa kwa mguu na kuchora mlango mpya palepale. Aliuliza pia nani mwingine atalala humo. Nilipomtajia mama yangu, anayetoka Mbulu kuja kukaa nasi na magoti yake hayamruhusu kupanda, alifuta ngazi mbili za baraza akaweka mteremko.

Halafu akaniambia niingize gari. Land Cruiser ya watalii iliyorefushwa si gari dogo, inahitaji uwanja kugeuka. Niliiingiza pale palipochorwa geti, nikageuza, na tairi la nyuma likapita juu ya ukuta wa chumba cha masta. Alisogeza geti mita moja na nusu. Nikageuza tena, nikapita. Mke wangu alipiga makofi. Nimefanya kazi na watu wengi wenye elimu zao, na sijui kama nimewahi kuona mtu akifikiria maisha ya mwingine kwa makini namna ile, amesimama kwenye tope.

Kuhusu karo la majitaka nataka kusema zaidi, maana watu hulidharau. Kwenye ramani ya kwanza lilichorwa nyuma kabisa, chini ya dirisha la jiko. Yeye aliliweka mbele, upande wa geti, na alinieleza sababu: mtaani kwetu bomba la majitaka halijafika, kwa hiyo siku karo likijaa gari la kunyonya litakuja, na gari hilo haliwezi kupita ndani ya sebule. Alipanga chemba kila bomba linapokata kona, ili likiziba fundi afungue pale bila kuvunja jamvi, lile zege la sakafu. Na kabla ya hapo alienda kumuuliza mzee kisima chake kiko wapi, akapima umbali. Afisa afya alipokuja kukagua kiwanja, swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo la kisima, na jibu lilikuwa limeshaandikwa kwenye mchoro.

Maombi yenyewe yaliniendea vizuri. Siku hizi yanaingizwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na unahitaji namba yako ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Aliniketisha mbele ya kompyuta yake, akataka nijaze mimi mwenyewe kwa akaunti yangu ili nisimtegemee yeye kila nikitaka kujua yamefika wapi. Namba ya malipo ilipotoka nililipa kwa simu na risiti ikaja kwa jina langu. Hakuna pesa ya serikali iliyopita mkononi mwake, na hilo alilisema tangu siku ya kwanza, kwamba atakayekuambia "nipe mimi nikulipie" umwogope. Tuliwasilisha tarehe 4 Juni 2025. Walipitia wa mipangomiji, wa ardhi, wa afya na mhandisi. Mhandisi alitaka kipimo kimoja cha msingi kiandikwe wazi zaidi, kikaandikwa siku ileile. Tarehe 2 Julai kibali kikatoka.

Sasa mapungufu yake, maana nisiposema nitakuwa nawadanganya mnaotaka kwenda. Simu hapokei. Akiwa saiti simu inabaki ofisini kwenye chaji, na ukimwandikia asubuhi anaweza kukujibu saa tatu usiku. Mimi ninayeondoka kwenda porini siku nane, hilo lilinisumbua sana. Mara moja nilikuwa Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, nyumbu wanavuka Mto Mara, mtandao wa shida, nikisubiri jibu dogo tu la upana wa mlango wa stoo. Lilinifikia nimeshafika Seronera, katikati ya hifadhi, jumbe tatu za sauti mfululizo, amejibu kila kitu kwa ufasaha, ila fundi alikuwa ameshakaa bure siku mbili. Michoro aliahidi wiki mbili ikachukua wiki tatu na siku mbili. Gharama ya kuchapa seti tatu kwenye karatasi kubwa, shilingi 45,000, hakunitajia mwanzoni. Nilimwambia, akakiri kwamba alipaswa kuiandika kwenye makubaliano, na nadhani sasa anaiandika. Makadirio ya gharama hafanyi. Ukitaka kujua nyumba itakula matofali mangapi na nondo ngapi, atakuelekeza kwa mkadiriaji majenzi, na huyo unamlipa kivyake. Na zile ngazi za ofisini ni ndefu na zina giza. Usimpeleke mzazi mzee. Mwombe ashuke, anashuka.

Bei yake kwangu, nyumba ya vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko, stoo na choo cha wageni, ilikuwa shilingi 850,000, nusu mwanzo na nusu kibali kilipotoka. Ndani yake kuna kwenda saiti mara tatu na kufuatilia maombi. Ukilinganisha na zile 350,000 za mwanzo utaona ni ghali. Mimi zile 350,000 ndizo zinazoniuma, kwa sababu ni tipu za msimu mzima wa Februari nilizokuwa nimeziweka mbali na matumizi ya nyumbani, na kilichobaki kutokana nazo ni picha kwenye simu. Viwanja vya upande wetu vimepanda tangu uwanja wa mpira wa AFCON 2027 uanze kujengwa Olmoti, watu wanajenga kwa haraka, na vijana wa ramani za WhatsApp wamekuwa wengi kama mvua. Ndugu zangu madereva, wauguzi, walimu, mnaojenga kwa kuunga unga, naomba kabla ya kutoa hata elfu kumi mumuulize mchoraji swali moja: utakuja lini kiwanjani?

Nampa nyota 4 kati ya 5. Ile moja ni ya simu.

Mhandisi alikuja kukagua mitaro na nondo za msingi Agosti, kabla hatujamwaga zege. Mimi nilikuwa njiani, mke wangu ndiye aliyesimama pale na nakala ya michoro yenye muhuri. Aliniambia walipima kwa futi kamba kutoka bikoni ya upande wa mzee, na mzee mwenyewe ndiye aliyewashikia ncha. Jamvi limeshamwagwa. Tumefika kozi ya nne ya matofali, tunasubiri pesa za Desemba.

Ofisini yupo Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Jumamosi huwa saiti. Nenda na hati yenyewe au nakala safi, maana picha ya hati kwenye simu haipokei, na ukitoka hapo pitia kiwanjani ukahesabu bikoni zako.